Homa ya ini isiyoambukiza: nimeishi nayo tangu 2023, na tarakimu zake ziko daftarini

Karani wa Umoja (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimekuwa msomaji hapa kwa muda mrefu bila kuandika neno, na leo naandika kwa sababu wiki iliyopita nilimkuta dada mmoja kwenye benchi la maabara, ameshika karatasi ya majibu kwa mikono miwili, akaniuliza kwa sauti ya chini kama maneno yaliyoandikwa pale yalikuwa na maana kwamba anakufa. Tulizungumza dakika kumi tu, kisha jina lake likaitwa. Haya ndiyo ambayo ningemweleza kuhusu ugonjwa huu wa kinga ya mwili kulishambulia ini kama tungepata saa nzima.

Mimi ni karani wa hesabu katika duka la jumla upande wa Kamukunji, na nina miaka 36. Mwishoni mwa mwaka 2022 nilianza kuchoka kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea: nikipanda ngazi za orofa mbili hadi stoo, nililazimika kuketi juu ya magunia kabla ya kufungua kitabu cha hesabu. Viungo vya vidole viliuma asubuhi, chakula kilinichukiza, na ngozi ikawa inawasha usiku. Katika zahanati ya mtaani nilitibiwa taifodi mara mbili, na mara zote mbili nilimaliza dawa bila nafuu yoyote. Mama yangu alipokuja kutoka Voi mwezi wa Februari, alinitazama pale mlangoni kabla hata ya kuutua mkoba wake, akanishika kidevu, akanigeuza uso kuelekea kwenye mwanga wa ua, kisha akasema, "Mwanangu, macho yako yana manjano." Mimi mwenyewe nilikuwa nikijitazama kwenye kioo cha bafuni kila siku chini ya taa hafifu na sikuona kitu. Mkojo nao ulikuwa umekuwa kama chai ya rangi, nami nikadhani ni kwa sababu sinywi maji ya kutosha.

Hospitali ya pili ilipima damu na kukuta kimeng'enya kiitwacho ALT kimefika 1,126, ilhali kiwango cha juu cha kawaida katika maabara ile kilikuwa 40. ALT hukaa ndani ya chembe za ini, na inapoonekana kwa wingi katika damu ni kwa sababu chembe hizo zinapasuka. Walipima virusi vya homa ya ini aina ya B na C, wakapima na virusi vya UKIMWI, yote yakawa hasi. Waliniuliza kuhusu pombe, nikajibu kweli kwamba sinywi, na niliona mmoja wao akiniuliza tena kwa njia nyingine kana kwamba nilikuwa nimeficha kitu. Ni baada ya kupelekwa kwa daktari bingwa wa ini ndipo zilipopimwa kingamwili, yaani protini za kinga ambazo huweza kuushambulia mwili wenyewe: ile iitwayo ANA ilikuwapo, na ile inayoelekezwa kwenye misuli laini pia ilikuwapo kwa wingi, huku protini nyingine ya kinga, globulini aina ya IgG, ikiwa 31 badala ya kutozidi 16. Kilichobaki kilikuwa ni kuchukua kipande cha ini lenyewe.

Nitaeleza hatua hiyo kwa urefu kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonitia hofu kuliko zote. Hulala chali, mkono wa kulia umewekwa nyuma ya kichwa, na daktari hutafuta nafasi kati ya mbavu kwa kutumia ultrasaundi. Sindano ya ganzi ndiyo inayochoma. Kisha huambiwa utoe pumzi yote na usivute nyingine, na katika muda huo mfupi unasikia mlio kama wa stepla, nayo kazi imekwisha. Nilionyeshwa kile kipande ndani ya kichupa: uzi mwembamba wa rangi ya kahawia, mfupi kuliko sindano ya kushonea. Baada ya hapo nililazwa ubavu wa kulia kwa saa kadhaa ili uzito wa mwili ukandamize kidonda kisivuje damu, huku muuguzi akija kupima presha kila mara. Bega la kulia liliniuma siku ile ingawa hakuna aliyeligusa, na nikaelezwa kwamba maumivu ya chini ya mbavu huweza kusikika begani kwa sababu mishipa ya fahamu ya sehemu hizo mbili inakutana.

Majibu yalisema: homa ya ini inayotokana na kinga ya mwili kujishambulia, makovu daraja la pili kati ya manne. Ni kusema kwamba askari wale wale wa mwili wanaopaswa kupigana na vijidudu wameikosea njia, wameingia katika ini langu na kuliona adui.

Jina la ugonjwa huu kwa lugha yetu ndilo lililonitesa kabla ya ugonjwa wenyewe. Watu wakisikia "homa ya ini" hufikiria kirusi kinachoambukizwa kwa damu na kujamiiana, au hufikiria mlevi. Na wengine huichanganya na homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa unaoletwa na mbu. Shangazi yangu, ambaye ananipenda na ambaye siwezi kumlaumu, alinitengea kikombe na sahani, akaviweka kwenye rafu ya peke yake. Katika chama chetu mwenzangu mmoja alinong'ona kwamba vidonge ninavyomeza kila asubuhi vinajulikana ni vya nini. Hayo yalikuwa maneno ya kukata maini, na kwangu usemi huo ulikuwa na uzito wake wote. Basi naliandika hapa waziwazi ili aliye na ndugu mgonjwa alisome: ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe, kwa mate, kwa damu, kwa ndoa wala kwa kunyonyesha. Hausababishwi na pombe. Huwapata wanawake zaidi, yapata wagonjwa watatu kati ya kila wanne, lakini huwapata pia wanaume, wazee na watoto wadogo.

Si ugonjwa mpya. Mwaka 1950 daktari wa Sweden, Jan Waldenström, alieleza habari za wanawake vijana waliokuwa na manjano isiyokwisha na globulini nyingi katika damu. Kwa miaka mingi baada ya hapo wagonjwa wa aina kali walikuwa wakifa. Mwaka 1971 Sheila Sherlock na wenzake katika hospitali ya Royal Free, London, walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 49: katika 22 waliopewa prednisoloni, dawa ya aina ya steroidi inayotuliza kinga, walikufa 3, na katika 27 ambao hawakupewa walikufa 15. Daktari wangu alinieleza habari hiyo siku nilipomwambia kwamba naogopa steroidi, na tangu siku hiyo sijazitazama tembe zile kwa jicho lile lile.

Nilianza na miligramu 30, yaani tembe sita ndogo nyeupe za miligramu 5, ambazo nilizipanga kwenye kifuniko cha chupa ya chai kila saa moja asubuhi baada ya uji. Humezwa asubuhi kwa sababu zikimezwa jioni huufukuza usingizi, na humezwa baada ya chakula kwa sababu zinachoma tumbo. Baada ya wiki mbili iliongezwa azathioprini ya miligramu 50, dawa inayotuliza kinga polepole na ambayo kazi yake ni kuiwezesha ile ya kwanza kupunguzwa. Wiki ya nne ALT ilikuwa 310. Mwezi wa tatu ilikuwa 44. Macho yakawa meupe tena na nikaanza kula kama mtu aliyetoka jangwani.

Malipo yake yalikuwepo. Uso ulivimba ukawa mviringo, hata askari wa lango la kazini akanisimamisha kutaka kitambulisho. Uzito uliongezeka kilo tisa. Sukari ya damu ilipanda ikabidi niache soda na mandazi, nami nilikuwa mtu wa mandazi. Nilikuwa nikilia bila sababu, na siku nyingine nikifua nguo saa nane za usiku kwa kukosa usingizi. Hakuna aliyekuwa amenitahadharisha kwamba hali ya moyo inaweza kubadilika kwa sababu ya dawa, na kwa miezi miwili nilidhani kwamba nilikuwa nikipoteza akili zangu. Kipimo kilipopungua, mambo hayo yalipungua nayo, moja baada ya jingine, na uso ukarudi.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo limenifanya nianzishe uzi huu.

Mwezi wa Desemba 2023 nilikuwa natumia prednisoloni miligramu 7.5 na azathioprini 75. Nilikuwa mzima. Nilikuwa napanda ngazi za stoo nikiwa nimebeba katoni. Karo ya watoto wawili ilikuwa inakaribia, azathioprini ilikuwa imepanda bei katika kemisti niliyozoea, na nikajiambia kwamba mtu aliyepona hana haja ya dawa. Niliacha zote mbili siku moja. Siku ya tano nilizimia kituo cha matatu cha Jogoo Road, kwa sababu mwili uliokuwa ukipewa steroidi kwa miezi kumi ulikuwa umesahau kujitengenezea ya kwake; nikanywa soda, nikaketi, nikasingizia jua. Baada ya hapo nilijisikia vizuri. Hilo ndilo ninalotaka mlielewe: kwa wiki saba nilijisikia vizuri kabisa, macho meupe, hamu ya chakula ipo, na kumbe ini lilikuwa linaliwa. Nilipokwenda kupima, kwa sababu tu miadi ilikuwa imefika na nikaona aibu kuikosa, ALT ilikuwa 640 na IgG ilikuwa imerudi 27.

Daktari hakunikemea. Alizitandaza karatasi zangu zote za maabara mezani kwa mpangilio wa tarehe, akatoa kalamu, akaniambia nimwonyeshe mahali nilipoanza kuumwa. Sikuweza. Katika karatasi ile ya mwisho, iliyokuwa mbaya, sikuwa nimeumwa hata kidogo. Mimi ninayelipwa mshahara kwa kutoamini neno la mtu yeyote mpaka nione risiti, nilikuwa nimeiendesha hesabu ya maisha yangu kwa hisia.

Tangu siku hiyo nina daftari la Kasuku la kurasa 96. Nimeligawa kwa rula: tarehe, ALT, bilirubini (ile rangi inayoleta manjano), IgG, chembe nyeupe za damu, kipimo cha kila dawa, uzito, na nafasi ya mwisho pana ya kuandika nilivyojisikia. Safu hiyo ya mwisho nimeiweka makusudi, kwa sababu ukiitazama kwa mwaka mzima utaona kwamba haifuatani na zile nyingine. Kuna siku niliandika "nimechoka sana" na ALT ilikuwa 28. Uchovu hubaki kwa wengi hata damu ikiwa safi, nao ni wa kweli, lakini hausemi lolote kuhusu ini. Ulizeni majina ya vipimo vyenu, ulizeni kiwango cha kawaida cha maabara yenu, msiondoke na neno "iko sawa" bila tarakimu, na mkiweza mpimiwe maabara ile ile ili tarakimu zilingane.

Nitakaribisha maswali, na nitajibu yale tu niliyoyapitia.

Mwalimu wa Kayole

Ahsante, dada. Mimi ni mwanamume wa miaka 52, nimeambiwa nina ugonjwa huo huo mwezi uliopita, na nimekaa nao kimya kwa sababu kila niliyemwambia ameniuliza ninakunywa pombe kiasi gani. Naomba kuuliza mambo mawili. Je, dawa hizi ni za maisha? Na je, ni kweli kwamba kuna dawa ya asili ya kusafisha ini? Kuna gari linalopita mtaani kwetu na kipaza sauti kila Jumamosi, na mke wangu ameshanunua chupa mbili kwa upendo wake.

Karani wa Umoja

Pole sana, mwalimu, na karibu. Kuhusu swali la kwanza, nilivyoelezwa ni kwamba hakuna anayefikiria kuziondoa dawa kabla damu haijawa safi kwa angalau miaka miwili mfululizo, ALT na IgG zote mbili, na hata hapo huondolewa kwa kupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi, kwa sababu walio wengi ugonjwa huwarudia. Kwa hiyo mimi nimejipanga kama mtu wa maisha. Prednisoloni niliachishwa taratibu mwaka jana, na sasa natumia azathioprini peke yake.

Kuhusu zile chupa, naomba uziweke mbali leo, na umweleze mama wa nyumbani kwa upole kwamba umeupokea upendo wake ila kilichomo hutakinywa. Silidharau duka la mitishamba. Nyanya yangu alitutibu vikohozi kwa majani na tukapona. Lakini kila tunachokimeza hupita katika ini, na hakuna anayeweza kukuambia kilichomo ndani ya chupa ile wala kwa kiasi gani. Ini lako lina jeraha, nalo halihitaji kusafishwa, linahitaji kuachwa lipumzike. Hata miraa, ambayo wengi wetu tunaiona ni jambo la kawaida la jioni, madaktari wamekwisha kuandika habari za watafunaji waliopata maradhi ya ini yanayofanana mno na haya yetu. Na dawa za maumivu pia uzitaje kwa daktari. Mimi nimeruhusiwa paracetamoli kwa kiasi kidogo, kisichofika kile kilichoandikwa kwenye pakiti, na nimekatazwa kujinunulia nyingine.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Nimefurahi kuona uzi huu. Nimefanya kazi wodini miaka kumi na minne, na naomba kuongeza yale ambayo wagonjwa husahau kuuliza.

Kabla ya kuanza dawa za kutuliza kinga, hakikisheni kwamba mmepimwa homa ya ini B na kifua kikuu, kwa sababu vyote viwili vinaweza kuwa vimelala mwilini na vikaamka kinga ikishatulizwa. Mwenye kutoka sehemu ambazo watu hutembea peku shambani aulize pia kuhusu minyoo, kwani kuna aina ya mnyoo ambao kwa mtu anayetumia steroidi huzaana na kuenea mwili mzima. Chanjo zenye vijidudu hai, mfano wa ile ya surua na ile ya homa ya manjano ambayo wasafiri hudaiwa cheti chake, haziwafai wenye kutumia dawa hizi kwa wingi. Mwambieni anayewachanja kabla hajafungua kichupa. Chanjo ya homa ya ini B haina kijidudu hai, nayo ni vyema kuipata.

Azathioprini hushusha chembe nyeupe, na kwa watu wachache huzishusha kwa ghafla katika wiki za mwanzo, ndiyo maana mnaitwa kupima damu mara kwa mara wakati huo. Homa ikikushika ukiwa katika dawa hii usingoje Jumatatu. Mwenye jongo anayetumia alopurinoli lazima aseme, kwa maana dawa hizo mbili zikikutana, azathioprini hujaa mwilini kupita kiasi na kuharibu uboho. Steroidi nazo hula mifupa polepole, kwa hiyo ulizeni kuhusu kalisi na vitamini D, na msisahau maziwa lala na omena.

Na wale ambao ini lao limeshafika hatua ya sirosisi, yaani limejaa makovu, mnapaswa kufanyiwa ultrasaundi kila miezi sita kutazama kama kuna uvimbe, hata damu ikiwa safi. Nimeona watu wakiiruka kwa sababu ya nauli, na sipendi kukumbuka walivyorudi.

Mke wa Fundi, Rongai

Mimi nina miaka 29, nimeugua tangu mwaka jana, damu sasa ni safi. Mama mkwe wangu anasema nisithubutu kushika mimba nikiwa katika dawa hizi, na kwamba nikitaka mtoto niziache. Tafadhali mwenye kujua anieleze, kwa sababu nimekaribia kuziacha.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Mwanangu, usiziache. Azathioprini kwa kawaida huendelezwa wakati wa ujauzito, kwa kuwa ugonjwa kuamka ni hatari kubwa zaidi kwa mama na kwa mtoto kuliko dawa yenyewe. Madaktari hupendelea damu iwe imekaa safi kwa mwaka mzima kabla ya kushika mimba. Dawa ambayo haifai kabisa kwa mjamzito ni mikofenolati, ambayo baadhi ya wagonjwa hupewa pale azathioprini inapowakataa. Ukiwa umepewa hiyo, zungumza na daktari kabla ya kuacha kinga ya uzazi. Na baada ya kujifungua pimwa mapema, kwa sababu miezi ya mwanzo baada ya uzazi ndiyo ambayo ugonjwa huu hupenda kurudi. Ikiwezekana nenda na mama mkwe kliniki, ayasikie mwenyewe kwa daktari.

Karani wa Umoja

Dada yangu wa Rongai, shikilia hayo uliyoambiwa. Nami naongeza juu ya jambo ambalo nimeulizwa faraghani na watu watatu: chakula na pesa.

Hakuna chakula kinachouponya ugonjwa huu, na hakuna haja ya kujinyima ugali na sukuma. Nilipokuwa katika kipimo kikubwa cha steroidi nilipunguza chumvi na sukari, basi. Jambo moja tu ninalolishikilia kwa nguvu zote ni mahindi na njugu karanga. Tunakumbuka mwaka 2004 watu 125 walikufa huko Makueni, Kitui na kwingineko Ukambani kwa kula mahindi yaliyoota ukuvu wenye sumu ya aflatoksini, sumu inayoshambulia ini moja kwa moja. Mimi hununua mahindi makavu, nikayamimina kwenye ungo mlangoni mahali penye jua, nikayachambua punje kwa punje. Yenye weusi, yenye kijani, yaliyonywea na yaliyotobolewa yote hutupwa, na simpi hata kuku. Karanga yenye ladha chungu naitema.

Kuhusu pesa, prednisoloni ni nafuu, azathioprini ni ghali zaidi, na kinachoumiza mfuko hasa ni vipimo. Tangu Oktoba 2024 tumo chini ya bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) hapa Kenya, ambayo mwenye ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara na asiye na ajira hulipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, kwa hesabu ya mwaka. Hakikisheni michango yenu haijakatika, na kila miadi muulize dirishani ni nini kinacholipiwa kabla ya kutoa damu. Kwa upande wangu nilimweleza bosi wangu ukweli, akakubali mshahara wangu ukatwe kidogo kila mwezi na kuwekwa kando kwa ajili ya maabara. Sikuwa na uhakika kwamba atanielewa. Siku ya kumwambia nilikwenda na daftari, nikamwonyesha safu za tarakimu, naye kwa kuwa ni mfanyabiashara alizielewa haraka kuliko ambavyo angeelewa maneno yangu.

Mama Msichana

Nimeusoma uzi huu wote usiku wa leo nikiwa kando ya kitanda cha binti yangu. Ana miaka kumi na mitano, yuko kidato cha pili, na ALT yake ilikuwa 812. Ameanza prednisoloni wiki mbili zilizopita. Jana niligundua kwamba amekuwa akizificha tembe ndani ya soksi, kwa sababu uso umeanza kuvimba na wenzake shuleni wamempa jina ambalo sitaliandika hapa. Nimelia, nimemfokea, nimemwomba. Sijui nimwambie nini tena.

Karani wa Umoja

Mama, pole sana. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu.

Kwanza mpigie daktari asubuhi na mapema, umweleze ni tembe ngapi zimekosekana, kwa sababu kipimo kinachofuata kitasomwa vibaya kama hajui, na kuziruka baada ya wiki mbili si jambo la kunyamaziwa. Muulize pia kuhusu budesonidi, ambayo ni steroidi inayofanya kazi zaidi ndani ya ini na kuuacha mwili kwa kiasi. Hupewa wale ambao ini lao halijafika sirosisi, na uamuzi huo ni wake yeye daktari.

Pili, usimwambie kwamba uso si kitu. Kwake ni kitu kikubwa, na anajua kwamba unajua. Mwambie ukweli kwamba utavimba, kwamba una mwisho, na kwamba mwisho huo unaletwa na ile karatasi ya maabara: ALT ikishuka, tembe zinapunguzwa, tembe zikipunguzwa, uso unarudi. Kila tembe iliyo ndani ya soksi inausogeza mbali ule wakati anaoungoja. Mimi nina picha zangu mbili, ya Aprili 2023 na ya Machi 2024. Sijawahi kumwonyesha mtu ile ya kwanza. Nitakutumia zote mbili faraghani, umwonyeshe yeye peke yake.

Tatu, mpe daftari liwe lake, si lako. Aandike kwa mkono wake.

Mwalimu wa Kayole

Mama, naongea kama mwalimu. Nenda shuleni umwone mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa, ukiwa na barua ya daktari. Mtoto asiachwe aeleze peke yake kwa nini anameza dawa bwenini. Muuguzi wa shule ndiye anayefaa kuzitunza tembe na kumwona akizimeza. Na hilo jina alilopewa lipelekwe ofisini kama kosa la nidhamu, kwa sababu ndivyo lilivyo. Mimi nimekwisha kulishughulikia jambo la namna hiyo katika darasa langu, na lilikoma ndani ya wiki moja.

Mama Msichana

Narudi baada ya wiki tano, na naomba radhi kwa kukaa kimya.

Daktari alituambia tuendelee na prednisoloni kwa sasa, tutazame, kisha aongeze azathioprini, ambayo binti ameianza wiki iliyopita. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri. Dawa ziko kwa muuguzi wa shule, na wale wasichana watatu waliitwa pamoja na wazazi wao. Zile picha binti yangu alizitazama muda mrefu, akaikuza ile ya kwanza kwa vidole, kisha akaniuliza kama huyo dada ana watoto. Nikamwambia anao wawili. Hakusema zaidi.

Daftari alilichukua siku ya tatu. Amelifunika kwa karatasi ya kahawia kama madaftari yake ya shule, na safu ya mwisho, ile ya kuandika alivyojisikia, ameifanya pana kuliko nyingine zote. Siruhusiwi kuisoma. Tarakimu ameniruhusu niziandike hapa: 812, kisha 655 katika zile siku za soksi, kisha 390, na Ijumaa iliyopita 171. Kipimo kinachofuata ni tarehe kumi na nne, maabara ile ile, na amesema ataingia peke yake.